Sura ya Tano: Sura Haijichongi

Katika filamu ya watu wenye damu na nyama, mengi huingia kwenye picha bila kuitwa. Upepo unapita na kuinua upindo wa kanga ya mama aliyesimama pembeni. Mbwa anakatiza barabara. Mpita njia anageuza shingo kuitazama kamera, na uso wake unabaki humo miaka hamsini, ingawa mwongozaji hakumwalika wala hamjui jina.

Filamu ya vikaragosi haina upepo wala wapita njia. Jani likitikisika, ujue kuna mtu alilishika kwa kibano, akalisogeza kiasi cha unene wa ukucha, akapiga picha, akalisogeza tena. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Hata fundi akiamua kuupiga kila mkao mara mbili ili kupunguza kazi, dakika moja bado inamdai mikao 720. Kikaragosi chenyewe ni kiunzi cha chuma chenye viungo vidogo vinavyozunguka, kikavishwa sponji au silikoni, kikashonewa nguo za saizi ya kiganja, kikapandikizwa nywele kwa uvumilivu wa msusi. Kila kilichomo kimeletwa na mtu. Na kila kisichokuwemo, kuna mtu ambaye hakukileta.

Mwongozaji wa filamu ya kawaida akiulizwa mbona hamna Mwafrika, mbona hamna mzee, mbona hamna mlemavu, anaweza kujibu kwamba alitafuta mwigizaji akamkosa. Mwongozaji wa vikaragosi hana jibu hilo. Waigizaji wake wote wametoka mezani kwake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye filamu hizi asiyekuwepo hakuchelewa njiani wala hakukosa nauli: hakuchongwa.

Na hapa nazungumzia hasa zile filamu za vikaragosi zinazofuata mantiki ya njozi, zilizorithi mkondo wa usurialisti ambao André Breton aliutangaza mjini Paris mwaka 1924. Ndani yake vyombo vya muziki huamka usiku, maiti hupiga kura, na kuta hupumua. Nimezichagua kwa sababu ndimo uhuru wa msanii ulimofika kilele chake. Hakuna sheria ya maumbile inayomfunga, wala historia inayomshika mkono. Kwa hiyo njozi inapokosa sura za watu wengi wa dunia hii, au inapowachora kwa dhihaka, hatuwezi kusema hali halisi ndiyo iliyomlazimisha. Aliyeweza kuota tarumbeta linalocheza dansi angeweza pia kuota mtoto mweusi mwenye akili na heshima zake. Kama hakumwota, tujiulize mkono wake ulikuwa umezoea nini.

Mbao za George Pal

George Pal alizaliwa Hungaria mwaka 1908 na kusomea usanifu wa majengo. Alifanya kazi Berlin, akaondoka Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, akapata riziki Eindhoven, Uholanzi, akitengeneza matangazo ya vikaragosi kwa ajili ya kampuni ya Philips. Kabla moto wa vita haujaifikia Uholanzi alikuwa ameshavuka bahari kwenda Marekani. Huko, akiwa chini ya Paramount, alianzisha mfululizo wa filamu fupi zilizoitwa Puppetoons.

Ufundi wake ulikuwa wa ajabu. Wengine walikunja viungo vya kikaragosi kimoja ili kitembee. Pal alichonga kikaragosi kipya, au kiungo kipya, kwa kila mkao. Mguu unaopiga hatua moja ulikuwa safu ya miguu ya mbao, kila mmoja umepinda kidogo kuliko uliotangulia. Kwa njia hiyo mbao ngumu zilinyumbuka kama unga uliokandwa. Filamu moja ilikula maelfu ya vipande. Akademia ya filamu ya Marekani ilimpa tuzo maalumu ya Oscar kwa ubunifu huo.

Mwaka 1942 mkono huo huo ulitoa filamu mbili ninazotaka tuziweke ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni *Tulips Shall Grow*. Kijana na msichana wa Kiholanzi wanacheza kati ya maua na vinu vya upepo, kisha linaingia jeshi la askari waliotengenezwa kwa skrubu na nati, linavunja kila kitu, hadi mvua inaponyesha na askari wale wanashikwa na kutu. Ni njozi iliyokomaa, kazi ya mtu aliyeujua uchungu wa kufukuzwa na utawala unaopima watu kwa sura zao.

Ya pili ni *Jasper and the Watermelons*. Jasper ni mtoto mdogo mweusi. Midomo yake imevimba kupita kiasi, macho yamemtoka, Kiingereza chake kimevunjwavunjwa ili wazungu wacheke, na ndoto yake kubwa ni tikiti maji. Anaongozwa na sanamu la kutishia ndege mpaka kwenye nchi ya matikiti, mahali pazuri kwa rangi na kwa mwendo, na mtoto ndani yake ni dhihaka ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Filamu za Jasper ziliendelea kutoka mwaka baada ya mwaka.

Itazame midomo ile kwa jicho la fundi. Kuna mtu aliipima. Kuna mtu aliichonga, akaipiga msasa, akaipaka rangi, akaiweka safu ili ikauke, kisha akairudia mamia ya mara kwa ajili ya kila neno ambalo Jasper angetamka. Mchekeshaji jukwaani anaweza kuponyokwa na ulimi. Mbao haiponyoki. Kila kichwa cha Jasper kilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mchana wote wa kazi ukapita bila jambo hilo kuonekana kuwa ni jambo.

Weusi wa Marekani waliliona. Makundi yao yalilalamika, na malalamiko hayo yakaandikwa na Ebony, jarida lililoanzishwa Chicago mwaka 1945. Pal alijitetea kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba kwake Jasper alikuwa mtoto wa hadithi za jadi za Marekani. Mimi naamini alisema kweli yake. Na hilo ndilo linalonitisha, maana chuki ungeweza kuikemea ikajulikana. Hapa ni mazoea. Mgeni kutoka Ulaya alifika katika nchi ambayo tayari ilikuwa na kalibu ya uso wa mtu mweusi, akaikuta karakanani, akaitumia kama alivyotumia gundi na misumari.

Lakini hadithi ya Pal haikuishia hapo, na ndiyo maana nimeanza naye. Mwaka 1946 alitoa *John Henry and the Inky-Poo*. John Henry ni shujaa wa masimulizi ya Weusi wa Marekani, mjenzi wa reli aliyeshindana na mashine ya mvuke kwa nyundo yake, akaishinda, kisha akafa. Simulizi ilitolewa kwa sauti ya Rex Ingram, mwigizaji mweusi aliyeheshimika, ikasindikizwa na kwaya. Kikaragosi cha John Henry ni kirefu, kifua kipana, uso umetulia, taya la mtu anayejua anachokifanya. Ebony, jarida lile lile, liliisifu kwa kumweka mtu mweusi kuwa shujaa bila mizaha ya zamani, na filamu ikateuliwa kuwania Oscar.

Karakana ni ile ile, mbao ni zile zile, na bwana mkubwa ni yule yule. Mara hii kuna mtu aliyesimama mbele ya kipande cha mti akajiuliza: uso huu ni wa nani hasa?

Mkono wenye glavu

Jiří Trnka, mchoraji na bingwa wa vikaragosi wa Chekoslovakia, alitoa filamu yake ya mwisho mwaka 1965. Inaitwa *Ruka*, yaani Mkono, na inachukua kama dakika 18. Fundi mdogo anaishi chumbani peke yake, anafinyanga vyungu vya kuoteshea ua lake. Mkono mkubwa wa mtu halisi, uliovaa glavu, unaingia na kumwamuru aache vyungu, afinyange sanamu ya mkono. Anakataa. Mkono unambembeleza, unampa zawadi, unamtisha, mwishowe unamfungia katika tundu la dhahabu na kumchezesha kwa nyuzi. Anatoroka, anarudi nyumbani kujificha, na chungu cha ua lake mwenyewe kinamwangukia kichwani. Mkono ule ule unampa mazishi ya heshima.

Trnka alifariki mwaka 1969, na baada ya hapo filamu ikapigwa marufuku nchini mwake. Watawala waliielewa vizuri. Mimi naichukua pia kama fundisho kuhusu sura. Tumezoea kuuliza ni nani anayeonekana kwenye kioo. Trnka anatuelekeza juu ya kioo, kwa yule anayeshika nyuzi na kuamua kitakachofinyangwa. Unaweza kuwajaza vikaragosi weusi, weupe na wa kila kabila katika fremu moja, na bado mkono ukawa mmoja, wenye glavu, unaotaka sanamu yake yenyewe.

Uso mmoja, sauti moja

Mwaka 2012 Charlie Kaufman na Duke Johnson waliomba michango ya umma mtandaoni ili kutengeneza filamu ya vikaragosi kwa ajili ya watu wazima. Zaidi ya watu 5,000 walichangia zaidi ya dola 400,000. Filamu hiyo, *Anomalisa*, ilitoka mwaka 2015 na kushinda tuzo kuu ya majaji katika tamasha la Venice.

Michael Stone, mwandishi wa kitabu cha huduma kwa wateja, anafika Cincinnati kutoa mhadhara. Dereva wa teksi, mhudumu wa hoteli, mpenzi wake wa zamani, mke wake kwenye simu, hata mtoto wake wa kiume, wote wana uso mmoja. Na wote wana sauti moja, ya mwigizaji Tom Noonan. Michael peke yake ana uso wake na sauti yake, iliyotolewa na David Thewlis. Hoteli inaitwa Fregoli, jina linalobebwa na ugonjwa wa akili ambao mgonjwa wake huamini kwamba watu mbalimbali anaokutana nao ni mtu mmoja anayejibadilisha.

Usiku ule Michael anasikia sauti tofauti ukumbini mwa hoteli. Ni Lisa, aliyepewa sauti na Jennifer Jason Leigh, mwanamke mwenye haya na kovu karibu na jicho, analolifunika kwa nywele. Watengenezaji waliacha mistari ya maungio ya nyuso ionekane, ule ufa mwembamba unaopita usawa wa macho mahali vipande viwili vya uso vinapokutana. Wangeweza kuifuta kwa kompyuta. Kwa kuiacha wametuambia waziwazi: uso huu umeunganishwa, na unaweza kubanduliwa.

Mwafrika aliyeishi ughaibuni anaifahamu dunia ya Michael kutoka upande wa pili. Ameitwa kwa jina la mwenzake kazini, mtu ambaye hawafanani kwa urefu wala kwa rangi. Ameambiwa kwamba ninyi wote mnafanana. *Anomalisa* inatuingiza ndani ya jicho linalosema maneno hayo, na tunaona jinsi jicho hilo lilivyo pweke na gonjwa. Asubuhi, kwenye kifungua kinywa, Michael anaanza kuchoshwa na Lisa, na sauti ya Noonan inaanza kusikika chini ya sauti yake, kama maji yanayopanda ndani ya mtumbwi. Halafu mwishoni tunamwona Lisa akiwa garini na rafiki yake Emily, ambaye hapo kabla alikuwa na uso wa kila mtu. Sasa Emily ana uso wake mwenyewe. Alikuwa nao siku zote. Ugonjwa ulikuwa kwenye jicho lililomtazama.

Naipenda sana filamu hii, na kwa sababu naipenda nitasema kasoro yake. Ilipofika wakati wa kuchagua uso wa kuwa uso wa kila mtu, ulichaguliwa wa mzungu. Katika njozi inayohusu kufanana kwa watu wote, bado kuna sura moja inayohesabiwa kuwa ndiyo ya mtu yeyote, na nyingine zote zinahesabiwa kuwa za mtu fulani. Hata mafundi hawa makini, katika kazi inayochungulia ugonjwa wa jicho, mkono wao ulikwenda ulikozoea kwenda.

Lakini je, sauti moja kwa watu wote ni lazima iwe wizi? Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba sivyo. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Wakenya wanamjua DJ Afro, Waganda wanamjua VJ Jingo. Mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, anamsemea jambazi, polisi, bibi harusi na mtoto mchanga. Filamu ni ya Hong Kong, ya Mumbai au ya Hollywood, na sauti yake inawapa watu wale majina tunayoyajua, inawatania, inawaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Nyuso za kwenye kioo hazikupotea. Zilipata wenyeji. Sauti ya Noonan inawafukuza watu kutoka kwenye nyuso zao, na sauti ya banda inawakaribisha wageni uani. Tofauti iko kwa anayesema: je, anawapenda watu anaowasemea? Je, hadhira yake imo ndani ya maneno yake?

Nywele za Kat

Henry Selick, mwongozaji Mmarekani, ana filamu mbili zinazosimulia kwa pamoja safari kama ile ya Pal. Ya kwanza ni *Coraline* ya mwaka 2009, kutoka riwaya ya Neil Gaiman. Selick aliongeza mhusika asiyekuwemo kitabuni, kijana jirani aitwaye Wybie, mjukuu wa bibi mweusi, ili Coraline apate mtu wa kuzungumza naye. Lakini Coraline anapopita kile kijimlango na kuingia dunia ya pili, ambako Mama wa Pili mwenye macho ya vifungo anatawala, anamkuta Wybie wa huko akiwa bubu. Amenyamazishwa kwa sababu Wybie halisi anaongea mno. Baadaye mdomo wake unaonekana umeshonwa kwa uzi, umevutwa pande zote mbili ili aonekane anatabasamu. Hadithi ina sababu zake, na mtoto yule ana wema wake. Hata hivyo picha ile inanikaa kooni: kijana mweusi aliyeongezwa ili hadithi ipate mazungumzo, kisha mdomo wake ukatiwa sindano.

Miaka 13 ilipita kabla Selick hajatoa filamu nyingine ndefu. *Wendell & Wild*, ya mwaka 2022, aliiandika pamoja na Jordan Peele, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshaitikisa dunia kwa *Get Out* ya mwaka 2017. Anayebeba hadithi ni Kat Elliot, msichana mweusi wa miaka 13. Wazazi wake walizama garini mtoni, naye amepitisha miaka mikononi mwa mahakama za watoto. Viatu vyake ni vizito, redio yake ni kubwa, na muziki wake ni wa bendi za roki za Weusi. Nywele zake zimefungwa mafungu mawili yaliyofura, zimetiwa rangi ya kijani.

Simamisha filamu hapo, kwenye nywele. Msomaji aliyewahi kukaa chini kati ya magoti ya msusi anajua nywele zetu zina tabia zake: zinajikunja, zinashika mwanga, zinakumbuka vidole vilivyozigusa. Kwenye filamu inayopigwa mkao kwa mkao, kila umbo jipya la nywele linamdai fundi ufumbuzi mpya, maana zikibonyea kidogo kati ya picha moja na nyingine, kwenye kioo zitaonekana zinachemka. Karakana inayompa mhusika mkuu kichwa cha namna hii imekubali kuamka mapema kwa ajili yake, na heshima ya kweli ina gharama kama hiyo. Nyuso zenyewe zilibuniwa na Pablo Lobato, Muargentina, ambaye michoro yake hukata sura za watu kwa kona kali kama karatasi iliyopita kwenye mkasi. Matokeo yake ni kwamba Kat hafanani na kalibu ya kale wala na kalibu mpya ya mtoto mzuri wa matangazo.

Rafiki anayemsaidia, Raúl, ni mvulana aliyezaliwa akahesabiwa msichana. Filamu haimfanyi somo. Ana woga wake na ushujaa wake, ana mama anayempigania, na hadithi inakwenda.

Njozi nayo inafanya kazi yake. Mashetani wawili, Wendell na Wild, wana kibarua cha kupaka mafuta ya nywele kwenye kichwa cha baba yao mwenye mwili kama mlima, na wanagundua mafuta yale yanafufua wafu. Matajiri wa mji wanataka kujenga gereza la kibinafsi, kura za baraza hazitoshi, basi madiwani waliokufa wanafufuliwa ili wapige kura. Ni kichekesho, na ndani yake mna ukweli mzito wa Marekani, nchi ambayo Weusi wamefungwa gerezani kwa kiwango kisicholingana kabisa na idadi yao. Kat hakuwekwa pale ili rangi itimie. Angekuwa mtoto mwingine, mji ule, gereza lile na hasira ile visingeshikana. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia siku hizi: mwondoe mhusika, uone kama nyumba inabaki imesimama.

Papa anayesema Kiarabu

Mpaka hapa nimezungumzia nyuso. Mmisri Wael Shawky, aliyezaliwa Alexandria mwaka 1971 na kupitisha sehemu ya utoto wake Makka, ameligeuza swali lote. Kati ya mwaka 2010 na 2015 alitengeneza filamu tatu za vikaragosi vya nyuzi, kwa jina la jumla *Cabaret Crusades*, kuhusu Vita vya Msalaba. Msingi wake ni kitabu cha mwaka 1983 cha Mlebanoni Amin Maalouf, kilichosimulia vita hivyo kutoka kwenye kumbukumbu za waandishi Waarabu wa zama zile.

Filamu ya kwanza inaanza mwaka 1095, Papa Urban II akihubiri vita huko Clermont, na kufika kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 1099. Vikaragosi vyake ni vya mbao, vya Kiitaliano, vya umri wa kama karne mbili, vilivyoazimwa kutoka mkusanyo mmoja wa Turin. Kwa hiyo nyuso zilizochongwa Ulaya ndizo zinazoigiza Wafaranki na Waarabu kwa pamoja. Filamu ya pili ilitumia vikaragosi vya udongo vilivyotengenezwa Aubagne, kusini mwa Ufaransa, mji wa mafundi wa visanamu vya Krismasi, na ndani yake mnasikika fidjeri, nyimbo za wazamia lulu wa Bahrain, zenye makofi na mguno ambao msikilizaji wa pwani yetu ataona si mgeni kwake. Ya tatu, inayofika kuporwa kwa Konstantinopoli mwaka 1204, ilitumia vikaragosi vya kioo vilivyopulizwa Murano, Venice, mji uleule uliovisafirisha vikosi vilivyoipora Konstantinopoli.

Na wote wanasema Kiarabu fasaha. Papa anasema Kiarabu. Wafalme wa Ulaya wanasema Kiarabu. Kwa miaka mingi tumemwona Kleopatra akisema Kiingereza na hatukushtuka, tukidhani ndiyo kawaida ya filamu. Dakika tano za Papa akihutubia kwa Kiarabu zinatosha kumwonyesha mtazamaji kwamba kawaida ile ilikuwa uamuzi wa mtu.

Shawky hakuwapendelea watu wake. Watawala wa Kiislamu kwenye filamu hizi wanasalitiana na kuuana. Nadhani hapo ndipo alipofika mbali kuliko wengi. Anayetaka tu sura ya kwao isifiwe bado anamwomba mwenye karakana amchongee vizuri. Aliyeichukua karakana mikononi anaweza kuonyesha kwao hata aibu yake. Na vile vikaragosi vya kioo, vyenye nyuso nusu mtu nusu mnyama, havina rangi ya ngozi ya kuhesabu. Mwanga unapita ndani yao, na nyuzi zinaonekana.

Pua ya bibi

Neno letu kikaragosi linabeba ndani yake jina la Karagöz, yule mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na Wamisri wana Aragoz wao wa kuvaa mkononi. Jina hilo lilisafiri hadi kwetu, likapewa kiambishi, likawa mwenyeji. Mikono pia haijakosekana. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni Mtanzania anayefanya kazi Kenya, aliwaleta wanasiasa kwenye televisheni wakiwa vikaragosi vya mpira katika *The XYZ Show*, na taifa likajitazama. Wamakonde wamekuwa wakichonga mashetani ya mpingo ambayo njozi zake haziazimi kitu kutoka Paris. Kilichobaki ni kuipeleka mikono hiyo mbele ya kamera na kuipa muda, maana filamu hizi hula miaka.

Lakini nilijifunza mwenyewe kwamba kuwa na mkono wako hakutoshi. Nilipokuwa nikiandika sura hii niliona haifai kuwahukumu mafundi bila kushika udongo. Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikasuka kiunzi, nikatafuta udongo wa mfinyanzi, nikaketi barazani kumtengeneza bibi yangu mzaa mama, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Nilifanya kazi siku tatu kwa mpini wa kijiko. Nikamkatia ushungi kutoka kwenye kipande cha kanga kuukuu. Nilimpenda bibi, na nilidhani mapenzi yataniongoza mkono.

Mama mdogo alipokuja alikiinua, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni bibi, mama."

Hakujibu. Nikakitazama upya na mimi nikaona. Pua ilikuwa nyembamba, imenyooka, imechongoka mbele. Ilikuwa pua ya katuni zote nilizozitazama nikiwa mtoto. Hakuna aliyenishika mkono. Sikuwa nimeamua kumpa bibi pua ya watu wengine, ila sikuwa nimeamua vinginevyo, na mtu asipoamua, mkono humwamulia kwa kile ulichokizoea. Nikamkumbuka George Pal na safu zake za vichwa vinavyokauka.

Nikasema niende ndani nikatafute picha. Mama mdogo akaniambia nikae. Miaka miwili ya mwisho ya bibi, yeye ndiye aliyekuwa akimwosha uso kila asubuhi kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Akalowesha kidole gumba, akafumba macho, akaibonyeza ile pua polepole, chini kisha pembeni, kushoto na kulia, kama mtu anayefuta uso wa mgonjwa. Alipofungua macho, bibi alikuwa anatutazama.

Udongo umeshakauka sasa. Ukikishika kikaragosi kile karibu na dirisha, utaona mistari ya kidole chake imebaki juu ya pua. Sijaipiga msasa.